Madam wa Kadi ya Maharagwe

Madam wa Kilimo hakuwahi kuingia kwa mtu kupitia getini. Katika miaka sita niliyofanya kazi chini yake kule wadi ya Bahati, sikumwona hata mara moja akibisha, akakaribishwa, akaketi na kungoja chai kama mgeni mwenye adabu zake. Yeye alitokea chini, mtoni. Alishuka kwa njia ya ng'ombe mpaka ukingoni, akavuka tope, kisha akaanza kulipanda shamba la watu taratibu, akiinama hapa, akifikicha udongo pale, hadi mwenye boma anashtukia mwanamke mfupi mwenye gambuti amechomoza nyuma ya jiko.

"Hodi wenyewe!" ndipo alipopaza sauti, akiwa ameshaona kila kitu.

Wengine walicheka. Wengine walinuna, hasa wazee, maana huko kwetu mgeni hupokelewa mbele, huonyeshwa kiti, hupewa chai, na mambo mengine hufuata. Siku moja nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba watu wanaona kama anawapeleleza. Alinitazama juu ya miwani yake.

"Chai ni ya mwisho," akasema. "Ukikunywa kwanza, utaulizaje mtu kwa nini mbolea yake imemwagika kwa mtaro? Na chai yake iko kwa tumbo yako?"

Nilidhani ni ukaidi tu. Ilinichukua muda mrefu, na ng'ombe wa mtu, kujua kwamba ilikuwa nusu ya kazi yenyewe.

Watu walimwita Madam wa Kilimo, au Madam tu, kana kwamba wadi nzima haikuwa na madam mwingine. Mimi waliniita Madam Mdogo, ingawa nilimzidi urefu kwa kichwa kizima. Nilikuwa nimetoka chuoni na digrii yangu ya udongo, viatu safi, na imani kwamba shida zote za mkulima zinatokana na upungufu wa takwimu. Nikimkumbuka msichana yule niliyekuwa, natamani kumfinya sikio.

Kazi yetu haikuwa rahisi kueleza nyumbani. Wakulima wa pale hupanda viazi, mahindi na kabichi, na hupanda kwa mbolea ya duka. Ndani ya mbolea hiyo mna fosforasi, ambayo huipa mizizi nguvu. Mvua kubwa ikikuta udongo uko wazi, fosforasi huondoka pamoja na matope, ikaingia mtoni, na kutoka mtoni ikaenda bwawani, ambako hulisha ukoga badala ya viazi. Aliye juu amepoteza mbolea yake, aliye chini amepoteza maji yake. Sisi tulitakiwa kujua ni mashamba gani yanavuja kuliko mengine, ili tukaanze na hayo.

Vifaa vya kupimia uvujaji huo havikukosekana. Kila baada ya miezi kadhaa gari lilikuja kutoka Nairobi na kifaa kipya: fomu za kurasa kumi na nne, programu za kompyuta, mizani, ramani. Wageni walieleza kwa saa mbili jinsi kinavyofanya kazi, na Madam alikaa nyuma kabisa akifuma kitambaa. Walipomaliza na kuuliza kama kuna swali, aliuliza lile lile.

"Sawa. Nani atakishika?"

Hawakuelewa. Walijibu kwamba ni cha mkulima, au ni cha wadau wote. Naye aliendelea kuchokonoa: mkulima yupi? Yule anayesoma gazeti au yule anayemwita mjukuu amsomee ujumbe wa simu? Yule ambaye macho yake yanaona karibu au yule anayeona mbali tu? Wageni walianza kutazama saa zao. Mimi niliona aibu kwa niaba yake, nikadhani anaogopa teknolojia.

Haikuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa na simu ndogo yenye tochi, ile ya mulika mwizi, ndiyo, na hakutaka nyingine. Lakini zile hesabu ndefu za fosforasi, zenye mteremko na mvua na kipimo cha udongo, alizifanya kwa penseli wakati wa chakula cha mchana, kwa starehe tu, chapati mkono mmoja. Mara mbili nilimwona akigundua kosa kwenye kanuni iliyoletwa na kompyuta, akaandika barua kwenda Nairobi, na mara zote mbili hakujibiwa. Alipenda vitu vigumu. Ila hakuvipenda mikononi mwa mtu ambaye vingemfanya aonekane mjinga mbele ya watoto wake.

Alikuwa na njia yake ya kumjua mtu. Hakuuliza umesoma hadi darasa gani. Swali hilo alilichukia na alinikanya nisilitamke kamwe. Yeye aliuliza, "Kitabu chako cha maziwa kiko wapi?" Kila anayepeleka maziwa kwenye chama cha ushirika ana kitabu cha kuandika lita za asubuhi na jioni. Alikifungua, akakisifia, akazungumzia ng'ombe, na kumbe alikuwa akisoma kitu kingine. Kama mwenyewe ndiye aliyeandika, safu zimenyooka na jumla iko sawa, huyo alipewa daftari la kurekodi mbolea. Kama mwandiko ni wa mtoto, alijua. Kama kitabu kimekunjwa kimewekwa juu ya kabati na mama anakumbuka lita zote kichwani tangu Januari, huyo Madam alimpenda kuliko wote, na huyo ndiye aliyepewa kadi ya maharagwe.

Kadi hiyo aliibuni mwenyewe. Ilikuwa manila ngumu yenye picha tano alizochora kwa kalamu ya wino: mteremko, mto, gunia la mbolea, udongo mtupu, na lundo la samadi. Uliiweka chini, pale shamba linapoishia, karibu na maji, ukachukua maharagwe yako mwenyewe ukayapanga. Mteremko mdogo, haragwe moja, mkali, matatu. Mto uko mbali, moja; unaugusa, matatu. Ukimaliza picha zote unahesabu. Yakifika kumi, shamba lako linavuja. Hapakuwa na kalamu, wala kusoma, wala kusaini. Na ukikosea, unalisogeza haragwe bila mtu kuona umefuta.

Kwa wale ambao hata kadi iliwachosha kulikuwa na chupa. Chupa safi ya soda, unakinga maji ya mtaro mvua inaponyesha, unaiacha juu ya nguzo ya ua mpaka kesho yake uone tope limejaa kiasi gani. "Chupa haioni kila kitu," alikiri, maana hakupenda kudanganya. "Iko fosforasi inayeyuka, hiyo huwezi ona. Lakini inaona ile inabebwa na udongo, na hiyo ndiyo nyingi hapa."

Msidhani basi kwamba alikuwa mtu wa kurahisisha kila kitu. Tuliitwa Mau Narok siku moja, kwenye shamba kubwa la ngano, na meneja wa pale, kijana mwenye koti zuri na kindege cha kupiga picha kutoka angani, alikuwa amesikia habari za kadi ya maharagwe. Aliiomba. Alitaka kulimaliza shamba zima kabla ya chai ya saa nne. Madam alimpokonya ile kadi mkononi.

"Hii si yako."

"Kwa nini, Madam? Si ni rahisi?"

"Ndiyo maana. Wewe uko na watu wa maabara, uko na rekodi za mbolea za miaka na miaka. Ukinipangia maharagwe, kuna kitu unaficha. Toa fomu ile ndefu."

Meneja alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Madam akavuta kiti, akavua kofia, akaketi mbele ya meza yake hadi saa kumi na moja jioni, na fomu ikajazwa ukurasa baada ya ukurasa. Ilionekana kwamba kipande kimoja chini ya kilima kilikuwa kimerundikiwa fosforasi ya kutosha miaka mingi bila kuongezwa. Yule kijana alikasirika sana siku ile. Baadaye alimpigia simu kila msimu wa kupanda, akimwita mama.

Sasa niseme na kasoro zake, maana zilikuwepo na nyingine zilinitesa. Alikuwa mkali kwetu sisi wafanyakazi kuliko alivyokuwa kwa mkulima yeyote. Mkulima akikosea, kosa lilikuwa la kifaa. Mimi nikikosea, nilikuwa nimekosea mimi na ukoo wangu. Hakuvumilia mtu kuuliza kundi la watu "Mmeelewa?", kwa sababu wote watasema ndiyo. Nilipoteleza nikauliza, alinikatiza hapo hapo mbele ya wanakikundi: "Wape wafanye, tuone." Nililia njiani mara mbili tatu, na yeye alitembea mbele bila kugeuka, kisha tukifika barabarani alininunulia mahindi ya kuchoma na tukala pamoja.

Aliogopa bata mzinga. Mwanamke huyu aliyepita katikati ya mbwa kana kwamba ni nyasi, akimsikia bata mzinga alinishika mkono na kujificha nyuma yangu. Kuna boma moja tuliliacha bila kupimwa miaka miwili kwa sababu hiyo, na kwenye ripoti aliandika "njia haipitiki".

Na ile siku ya kwake nyumbani siisahau. Kikundi cha akina mama kilimtembelea, na mmoja wao, mchokozi, akasema, "Madam, si tuanze na hapa kwako?" Kadi ikawekwa chini. Lundo lake la samadi lilikuwa karibu kabisa na mtaro wa barabara, kabichi zake zilikuwa kwenye mteremko mtupu. Maharagwe yakafika kumi na matatu. Wale mama walicheka mpaka wakafuta machozi kwa leso. Mtu angetarajia naye acheke, ageuze jambo hilo kuwa somo. Wapi! Alinuna wiki nzima. Ofisini hakunisemesha isipokuwa kuhusu funguo. Jumatatu iliyofuata nilipita kwake nikakuta lundo limehamishwa, na sikuthubutu kusema neno.

Nilimpenda. Ninaliandika hili waziwazi kwa sababu yanayofuata yatamfanya msomaji adhani vinginevyo.

Mwaka wangu wa sita, zilikuja tableti. Zilikuwa ishirini, mpya, na humo ndani mlikuwa na kipimo kizuri kweli, mpaka leo nakisifu. Unasimama shambani, unabonyeza, chenyewe kinatafuta mahali ulipo, kinasoma mteremko na umbali hadi mtoni, unajibu maswali machache, na shamba linapata rangi kwenye ramani: nyekundu, manjano au kijani. Madam alikijaribu siku mbili, akasema ni cha maofisa. Sisi tuende nacho tukianzia mtoni, na wakulima wabaki na kadi yao. Mimi nilitaka kiende kwa wahudumu wa kujitolea, vijana na akina mama waliochaguliwa na vikundi vyenyewe, ili kazi ya mwaka iishe kwa mwezi mmoja. Tulibishana. Kisha binti yake akajifungua Eldoret, naye akachukua likizo kwenda kumlea mzazi, na ofisi ikabaki mikononi mwangu.

Niliwagawia wahudumu tableti. Niliwafundisha kwa siku moja. Walikuwa werevu, walibonyeza vizuri, na nilipouliza "Mmeelewa?" walisema ndiyo.

Wiki tatu baadaye ramani ilirudi kijani tupu. Niliifurahia kwa dakika chache. Halafu nikaikuza na kuona kitu: alama zote zilikuwa zimejipanga kando ya barabara, mstari mmoja. Pale Bahati mashamba mengi yalikatwa kutoka kwenye shamba moja kubwa la enzi za walowezi, na kila mtu alipata ukanda mrefu unaoanzia barabarani juu na kuishia mtoni chini. Nyumba iko juu, kwenye tambarare. Viazi, kabichi na magunia ya mbolea viko kule chini. Wahudumu wetu walikuwa majirani wenye adabu. Walibisha getini, wakakaribishwa, wakaketi, wakapewa chai, na wakabonyeza pale pale walipoketi. Nani angeanza kumwambia jirani yake, nioneshe unavyomwaga mbolea kule chini? Kadi ilikulazimisha uipeleke mtoni, kwa sababu ndipo ilipowekwa. Tableti ilikubali popote. Tulikuwa tumepima sebule za watu.

Nilijua. Hilo ndilo nililolificha kwa miaka tisa. Niliona ule mstari wa alama, nikaelewa maana yake, na ripoti ilitakiwa Ijumaa. Nikaituma.

Juma lile lile bibi mmoja mjane tuliyemwita Shosho, yaani nyanya, ambaye boma lake liko chini kabisa, kando ya bwawa, alituma mtu ofisini. Maji yalikuwa yameanza kugeuka rangi na alitaka kujua kama aendelee kunywesha ng'ombe wake pale, au akodishe mkokoteni wa kuleta maji kutoka mbali. Nilimwandikia barua fupi. Kwamba tumepima mashamba yote ya juu, kwamba yako salama, kwamba maji hayana tatizo. Nikapiga muhuri wa ofisi. Chini nikaandika "kny. Afisa wa Kilimo", yaani kwa niaba ya Madam, nikaweka saini yangu inayofanana na uzi uliokatika.

Mvua kubwa zilinyesha mwezi huo. Bwawa likajaa ukoga, ule unaotia maji sumu, likawa zito la kijani, likanuka. Shosho alipoteza ng'ombe watatu kwa siku mbili, mmoja akiwa na mimba.

Madam alirudi kutoka Eldoret siku moja kabla ya baraza la chifu. Sikumwambia kitu. Asubuhi yake tuliketi kwenye viti vya plastiki mbele ya watu, na Shosho akaletwa mbele akiwa ameshikilia ile barua. Alikuwa ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Lakini nimesomewa. Iko na muhuri. Ofisi ilisema maji iko sawa, na mimi niliamini ofisi."

Chifu aliichukua akaisoma, akauliza nani aliyeiandika. Nilitazama viatu vyangu. Nilisikia kiti kikisogea kando yangu.

"Barua iko na cheo yangu," sauti ya Madam ikasema. "Ofisi ni yangu. Kosa ni langu. Shosho, nisamehe."

Watu walipiga kelele. Mimi niliendelea kutazama viatu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na nilijiambia kwamba nitasema baadaye, kwa utaratibu, ofisini. Sikusema.

Wakubwa wetu walimhamishia kwenye ghala la mbolea mjini Nakuru, akahesabu magunia hadi alipostaafu. Kiti chake nilikikalia mimi. Kadi za maharagwe zilikusanywa na kutiwa kwenye sanduku. Lakini kilichomuumiza, najua, hakikuwa ghala. Alikuwa na nyumba yake pale pale Bahati, na kila alipotoka sokoni alipita katikati ya watu ambao zamani walimkimbilia na vitabu vyao vya maziwa. Sasa walisema kwa sauti ya chini, yule ndiye aliua ng'ombe wa Shosho. Akina mama wa kile kikundi waliacha kumtembelea. Mimi nilikutana naye mara chache kwenye matanga na harusi, nikamsalimia kwa mikono miwili, naye akaniuliza habari za kazi kana kwamba hakuna kitu.

Mwaka huu tumepewa tena jukumu la kupima mashamba yanayomwaga maji kwenye lile bwawa. Sikutaka makosa yale. Nilipanga kila mtu apewe kinachomfaa: tableti kwa maofisa, wanaoanzia mtoni, fomu ndefu kwa mashamba makubwa, na kwa wakulima kadi ya maharagwe, ikifundishwa na aliyeibuni. Nilisimama mbele ya vikundi nikaeleza hayo kwa furaha. Kisha mama mmoja akasema, bila hasira, "Madam Mdogo, wewe tunakuamini. Lakini huyo aliua ng'ombe ya Shosho hatutaki kadi yake." Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Wewe tunakuamini. Nilirudi kwenye gari na sikuweza kuliwasha.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwake. Nilimkuta nje, ameketi kwenye kigoda, akichagua viazi vya mbegu na kuvitenga kwa ukubwa. Amezeeka. Mikono yake imekuwa myembamba na macho yake anayakaza. Alinipa kigoda kingine na akanisogezea gunia, nichague naye. Tulichagua kwa muda. Kisha nikamwambia yote: ile ramani, alama zilizojipanga barabarani, Ijumaa, barua. Nilisema nimekuja kuomba msamaha. Nililia, na sikujificha.

Hakuacha kuchagua viazi.

"Na mimi unaniambia ya nini?" akasema mwishowe. "Barua niliiona siku ile kwa mkono wa chifu. Mimi sijui mwandiko wako? Miaka sita nasoma ripoti zako."

"Kwa nini hukusema, Madam?"

"Ningesema nini? Nimekupata umejificha nyuma ya saini? Ofisi ilikuwa yangu. Hiyo ilikuwa kweli." Alitupa kiazi kilichooza pembeni. "Lakini nilipomaliza kusema, sikukaa. Hukuona?"

Nilitikisa kichwa. Sikuona.

"Nilibaki nimesimama. Watu wanapiga kelele, chifu ananiambia kaa chini Madam, na mimi nimesimama tu. Nilikuwa nakungoja. Nilitaka ukisimama, usisimame peke yako."

Kwa miaka tisa nilidhani alinikinga bila kujua, au kwa kujua na kwa dharau. Sikuwahi kufikiria kwamba alikuwa ameniachia nafasi kando yake, pale mbele ya watu, na kwamba nafasi hiyo ilikuwa wazi kwa dakika nzima huku nikihesabu matundu ya kamba za viatu.

Alijifuta mikono kwa aproni, akainuka kwa shida, akaingia ndani. Alitoka amevaa sweta na viatu vya kwenda kanisani.

"Shosho bado ako," akasema. "Masikio yamepungua, lakini ako. Twende."

"Leo?"

"Unataka Ijumaa?"

Tulitembea. Haikuwa mbali, ila alikwenda polepole na mimi sikumharakisha. Alinieleza njiani habari za mjukuu wake wa Eldoret, ambaye sasa yuko darasa la tatu na anajua kukasirika kama nyanya yake. Nilimuuliza kama atakubali kufundisha kadi, akasema tutaona. Bwawa lilionekana katikati ya miti ya miwati, na maji yake yalikuwa ya rangi ya kahawia, rangi ya kawaida ya maji ya mvua.

Shosho alikuwa ameketi kwenye jua mbele ya nyumba, blanketi miguuni. Zizi lilikuwa pale, na ndani yake palikuwa na mbuzi wawili. Hatua kama ishirini kabla ya kumfikia, Madam alisimama.

"Huendi?" nikamuuliza.

"Mimi yangu nilishasema. Nitakuwa hapa."

Niliendelea peke yangu. Shosho aliinua uso, akaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua, akajaribu kunitambua na akashindwa.

"Karibu, karibu. Ni nani huyo?"

Nilipiga magoti mbele yake ili anisikie vizuri.

"Shosho," nikasema, "ni mimi niliandika ile barua."